Kiputo

Bi Nyamizi amekibandika kichupa cha asali
juu ya dashibodi, kwa gundi ya karatasi:
asali ya Sikonge, nyeusi kidogo, ya msimu uliopita,
na chini ya kifuniko kimebaki kiputo kimoja cha hewa
kisichozidi punje ya karanga.
"Mwalimu ni hicho," akasema. "Mimi ni abiria."
Akafunga mkanda, akakunja mikono kifuani.

Tukapaa kutoka Tabora saa moja asubuhi,
ndege yetu ya viti viwili ikitetemeka kama cherehani,
tukaacha nyuma mabati ya Cheyo,
reli ikigawana njia, huku Mwanza, huku Kigoma,
na bwawa la Igombe likimeta kama sarafu iliyodondoka.
Futi elfu saba na mia tano.
Nikageuka kulia, nikageuka kushoto,
nikahakikisha anga ni yetu peke yetu.

Mara ya kwanza nilivuta.
Nilivuta kama mtu anayeng'oa muhogo kiangazi.
Pua ikaruka, bawa likaanguka, tumbo likanipanda kooni,
vumbi la sakafuni likaelea machoni mwetu
pamoja na kalamu iliyopotea tangu Machi,
na asali ikagonga kifuniko, ikatoka tone,
likatambaa kwenye dira.
Bi Nyamizi alilifuta kwa kidole, akalamba.
Hakusema neno.

Mara ya pili niliogopa. Katikati ya mzunguko nikasita,
na ndege, kama punda, ikajua.

Ndipo nikaikumbuka kamba.
Baba juu ya mninga, mwenge wa moshi kiunoni,
anashusha mzinga wa gome,
nami chini, miaka tisa, nimeshika ncha.
"Usivute," ananong'ona. "Usiachie.
Kamba iwe kama haina mtu."
Niliishtua mara moja tu, siafu alipoingia kidoleni.
Nyuki hawakuuliza habari za siafu.
Tulikimbia mpaka korongoni, naye baba hakunigombeza;
alinichomoa miiba, mmoja mmoja,
akihesabu kwa Kinyamwezi hadi thelathini na moja.

Nikapumua.
Pua chini kidogo, mwendo ukajaa,
nikaiinua kama unavyoinua shuka juu ya mtoto aliyelala,
kisha mkono na mguu, mkono na mguu,
hakuna aliyemtangulia mwenziwe.
Upeo wa macho ukainama, ukasimama wima,
ukapita juu yetu bila kutugusa.
Miombo ilikuwa ndiyo kwanza imechipua,
myekundu, ya Oktoba, kabla ya mvua:
msitu mzima ukawa dari,
na treni ya mizigo ikatambaa darini kama jongoo.
Nami sikuning'inia. Kiti kilinishika.
Kiputo kilikaa palepale chini ya kifuniko,
kana kwamba hakijaambiwa.

Bawa likarudi. Dunia ikaketi.
Nikamgeukia Bi Nyamizi, nikingoja sifa.
Alikuwa anapiga miayo.
"Rudia," akasema. "Upande wa kushoto."

Jioni nilikipeleka kichupa nyumbani, Itetemia.
Baba siku hizi hapandi; goti limekataa.
"Hiki kilipinduka?"
"Kilipinduka."
"Na hakikumwagika?"
"Kidogo. Mara ya kwanza."
Akakisogeza kwenye mwanga wa taa,
akakigeuza chini juu.
Kiputo kikaanza safari, polepole,
kikivuta mkia mwembamba nyuma yake,
mpaka kikafika kwenye kitako.
Akasubiri.
Akakigeuza tena.